Wosha ya kioo haitoi maji: pima umeme kwanza, pampu baadaye

MitaMkononi (Nakuru)

Wadau, naanzisha uzi huu kwa sababu pampu nyingi za wosha zinanunuliwa bure. Dereva anavuta kijiti cha waipa kilicho kando ya usukani, maji hayatoki, anaambiwa pampu imekufa. Pampu mpya inanunuliwa, inafungwa, na maji bado hayatoki. Wakati huo kioo kimejaa vumbi, na mtu anayetoka Gilgil kuja Nakuru jioni, jua likimpiga usoni, haoni lori lililo mbele yake. Hili si tatizo la kuahirisha hadi mwisho wa mwezi.

Vifaa ni vichache: mita ya kawaida ya dijitali, balbu ya wati 21 (ile ya breki au indiketa) iliyolehemewa nyaya mbili, na waya wa kuruka wenye klipu kila upande na fyuzi ya ampea 10 katikati. Balbu hiyo ndiyo itakayofanya kazi kubwa kuliko mita.

Kwanza tenga umeme na maji. Weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini, zima redio na feni, fungua mlango, vuta kijiti na usikilize. Pampu huwa imechomekwa chini ya tangi, na tangi katika magari mengi madogo liko ndani ya fenda ya mbele au nyuma ya bampa. Ukisikia mngurumo safi na maji hayatoki, chomoa mrija pale pale kwenye pampu. Maji yakiruka hapo, umeme hauna shida: kuna nozeli iliyoziba, mrija uliochomoka chini ya boneti, au valvu ya kuzuia maji kurudi imekwama. Ukisikia kimya, au sauti ya kukwaruza isiyo na nguvu, endelea kusoma.

Halafu fyuzi. Soma kifuniko cha kisanduku uone ipi ni ya wosha, maana kwenye magari mengine wosha ina fyuzi yake na kwengine inashiriki na waipa. Nyingi ni za ampea 10 au 15. Usiiangalie kwa macho tu. Fyuzi ina vidoa viwili vya chuma mgongoni. Gusa kila kimoja kwa ncha ya mita, ncha nyeusi ikiwa kwenye bodi na swichi ikiwa ON. Upande mmoja ukiwa na volti 12 na mwingine hauna, fyuzi imekatika. Pande zote mbili zikiwa hazina, tatizo liko kabla yake.

Baada ya hapo twende kwenye plagi ya pampu, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Nawaachia wanaojua Toyota zaidi yangu waeleze.

Omera_Waya (Kisumu)

Asante mkuu. Nianze na jambo moja linalowachanganya hata mafundi wenye miaka kazini.

Kwenye Toyota nyingi tunazoendesha huku, Corolla, Fielder, Probox, Premio, kijiti hakipeleki umeme chanya kwenye pampu. Chanya inatoka kwenye fyuzi moja kwa moja hadi kwenye pampu, na iko hapo muda wote swichi ikiwa ON. Waya wa pili unatoka kwenye pampu hadi kwenye kijiti, na kijiti kinapovutwa kinauunganisha na athi, yaani bodi ya gari iliyoungwa na hasi ya betri. Yaani kijiti kinafunga upande wa hasi. Kwenye michoro ya Toyota waya huo unaotoka kwenye pampu huandikwa WF, na ule wa athi ya kijiti huandikwa EW.

Matokeo yake ni haya. Plagi ikiwa imechomekwa, ukigusa waya wowote kati ya ile miwili bila kuvuta kijiti utapata volti 12 kwenye yote miwili, kwa sababu umeme unapita ndani ya mota na kusimama upande wa pili. Anayedhani kijiti kinaleta chanya ataona "chanya kwenye nyaya zote mbili" na kuanza kutafuta shoti isiyokuwepo. Mwingine ataweka taa ya kupimia kati ya waya na bodi, itawaka kabla ya kuvuta kijiti, naye atasema umeme unafika, kwa hiyo pampu ni mbovu. Wote wawili wamekosea, na mita haikuwadanganya.

Kwa hiyo usipime kati ya waya na bodi kama kipimo cha kwanza. Chomoa plagi, weka vipimo kwenye pini zake mbili, mwenzako avute kijiti. Hicho ndicho kitu pampu inachokiona.

MitaMkononi (Nakuru)

Hapo hapo nishikilie. Ukipima pini mbili kwa mita peke yake, volti 12 haimaanishi lolote kubwa. Mita ya dijitali haivuti mkondo wa maana. Waya uliobakiza uzi mmoja wa shaba, au pini yenye kutu ya kijani, itakuonyesha 12 kamili. Ni kama kupima presha ya bomba lililokunjika wakati koki imefungwa: geji inasoma vizuri, fungua koki maji hayaji.

Ndiyo maana ya balbu. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 inavuta ampea 1.75 hivi. Pampu nyingi za magari madogo huvuta ampea 3 hadi 5 maji yakiwemo. Balbu ikiwaka kwa nguvu yake yote kwenye pini za plagi kijiti kikivutwa, nyaya, fyuzi na kijiti vina afya ya kutosha, na hapo unaweza kuishuku pampu kwa haki. Ikiwaka kwa unyonge, au isipowaka na mita inasema 12, pampu mpya haitasaidia kitu. Ukitaka mzigo mkali zaidi tumia balbu ya taa kubwa ya wati 55, inavuta ampea 4.6, karibu sawa na pampu yenyewe.

Na tafadhali, msitoboe waya kwa sindano. Tundu hilo linaingiza maji, na baada ya msimu mmoja wa mvua shaba imekuwa unga wa kijani ndani ya plastiki. Ingiza pini nyembamba kutoka mgongoni mwa plagi, kando ya waya, mpaka iguse chuma.

Nyamasaria_Spana (Kisumu)

Nimewasoma wakuu. Kuna wagoni ya Toyota ipo bandani, wosha ya mbele kimya, ya nyuma inafanya kazi. Fyuzi nzima. Plagi ya pampu ya mbele, mita peke yake, kijiti kimevutwa: 12.4. Balbu ya 21 inawaka kama kibatari, na mita ikiwa juu ya balbu inasoma 3.8. Nimejaribu pia pampu nyingine niliyo na uhakika nayo: inatetemeka, haizunguki. Nianzie wapi?

Omera_Waya (Kisumu)

Umeshafika mbali, fundi. Volti 8 na ushee zinapotea njiani. Sasa uliza ni upande gani zinapotelea. Acha balbu ikiwa imeunganishwa kwenye plagi na upime mara mbili, mara zote kijiti kikiwa kimevutwa:

Upande wa chanya: ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, ncha nyeusi kwenye pini ya chanya ya plagi. Inavyosoma hapo ndiyo volti zilizopotea kuanzia betri hadi kwenye pampu, kupitia swichi, kisanduku na fyuzi.

Upande wa hasi: ncha nyekundu kwenye pini ya hasi ya plagi, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Zote zilizopotea kwenye kijiti na athi zitaonekana hapo.

Nusu volti kwa upande mmoja ni nyingi tayari. Kwenye kiungo kimoja, athi kwa mfano, nisingekubali zaidi ya 0.2.

Kuhusu ya nyuma kufanya kazi: inasaidia, lakini usiipe uzito mno. Magari yenye pampu mbili kwenye tangi moja yana waya wa hasi tofauti kwa kila pampu na mguso tofauti ndani ya kijiti. Inakuambia kwamba athi ya kijiti yenyewe inaelekea kuwa nzima. Na kama chanya zao zinatoka fyuzi moja, upande huo nao unaelekea kuwa mzima.

Nyamasaria_Spana (Kisumu)

Chanya: 0.2. Hasi: 8.3.

Omera_Waya (Kisumu)

3.8 na 0.2 na 8.3 ni 12.3, volti ya betri ikiwa na mzigo kidogo. Hesabu imefunga, hakuna kipimo kilichokosewa. Sahau fyuzi na chanya, njoo upande wa hasi.

Hapo kuna sehemu nne tu: waya wa WF kutoka pampu hadi kijiti, plagi ya kijiti, miguso iliyo ndani ya kijiti, na waya wa EW hadi bodi. Fungua kava la plastiki chini ya usukani, kwa kawaida skrubu tatu. Plagi ya njano usiiguse, hiyo ni ya airbag. Kazi hii haihitaji kutoa usukani. Kwa Toyota nyingi kijiti cha waipa kinachomoka kwa kubonyeza kibano na kukivuta pembeni. Kama gari lenu linalazimisha kutoa usukani, toa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote.

Kijiti kikiwa bado kimechomekwa, balbu bado ipo kwenye pampu, pima kutoka mgongoni mwa plagi ya kijiti: WF na bodi, kisha EW na bodi.

Mkulima_Kitale

Wakati tunasubiri vipimo, niongeze jambo la huku kwetu. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi, chunguza nyaya kwa mkono kabla ya mita. Panya huingia kwenye fenda na kutafuna kifungu cha nyaya pale kinapopinda karibu na tangi. Toa plastiki ya ndani ya fenda (usipogeuza usukani hadi mwisho, huwezi kufika) na upapase kila waya. Waya ulioliwa nusu unapita kipimo cha mita na kushindwa kipimo cha balbu, kama mkuu alivyosema.

Ukiunga, usizungushe nyaya pamoja na kufunga tepu. Karibu na gurudumu tepu inaachia kwa matope na joto. Tumia waya wa milimita mraba 1.5, lehemu au bana kwa kiunganishi cha shaba, kisha mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Acha urefu wa ziada kidogo ili waya usivutike tangi linapotikisika.

Basi_la_Kakamega

Swali tofauti kidogo. Pampu inafanya kazi yenyewe. Ukiweka tu swichi ON inaanza kumwaga maji hadi tangi linaisha, kijiti hakijaguswa. Mwenye gari amebadilishiwa kijiti, bado.

MitaMkononi (Nakuru)

Ukielewa alichoeleza Omera_Waya kuhusu athi, hili linajijibu. Waya wa WF umechubuka mahali na unagusa bodi. Kwa pampu, bodi na kijiti ni kitu kimoja: ikipata athi popote inazunguka. Fyuzi haiungui kwa sababu mota yenyewe iko katikati, mkondo ni ule ule wa kawaida.

Chomoa plagi ya kijiti. Pampu ikiendelea kuzunguka, mchubuko uko kwenye waya. Ikisimama, ndipo ushuku kijiti. Kwa gari lililowahi kugongwa mbele, angalia kwanza pale fenda au bampa iliporudishwa. Mara nyingi kifungu cha nyaya kimebanwa kati ya chuma na chuma, au boliti ndefu kuliko ile ya awali imepita katikati yake. Na usiache swichi ON muda mrefu tangi likiwa tupu, pampu itaungua wakati unatafuta.

Kinyume chake pia kizingatiwe. Kwenye magari haya haya, mchubuko ukiwa kwenye waya wa chanya, fyuzi inaruka mara tu swichi ikifika ON. Ikiruka pale tu kijiti kinapovutwa, waya ni mzima na pampu imekwama. Tofauti hiyo ndogo inakuokolea kufungua nusu ya gari. Na usiendelee kuchoma fyuzi moja baada ya nyingine: weka ile balbu ya 21 mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu kuna shoti, na utatikisa nyaya kipande kwa kipande mpaka izime. Usiweke kamwe fyuzi kubwa zaidi ili "ishike". Waya wenyewe utakuwa fyuzi, na uko ndani ya dashibodi.

Nyamasaria_Spana (Kisumu)

Nimerudi. WF na bodi: 8.2. EW na bodi: 0.05. Nikirusha waya kutoka WF hadi EW pale kwenye plagi, balbu inawaka nyeupe kabisa. Nimerudisha pampu na kurusha tena, inazunguka.

Omera_Waya (Kisumu)

Umemaliza utafutaji, fundi. Ukitoa 0.05 kwenye 8.2 unapata karibu volti zote zilizopotea, na zimepotelea ndani ya kijiti. Ile 0.1 iliyobaki ni ya waya mrefu, haina neno. Miguso imeungua.

Lakini usiagize kijiti bado. Jiulize kwa nini mguso mmoja umeungua na mingine ni mizima. Pima mkondo wa pampu. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, weka mita katikati ya waya mmoja wa pampu, yaani badala ya ule wa kuruka pale WF na EW. Tangi liwe na maji. Sekunde tano zinatosha. Ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti mara moja, kwa sababu anayesahau na kupima betri akiwa kwenye tundu la ampea anaunguza fyuzi ya mita au mita yenyewe.

Nyamasaria_Spana (Kisumu)

7.8 hapo mwanzo, inatulia 7.5. Hii ni pampu iliyokuwa kwenye gari. Ile yangu ya kujaribia inasoma 3.4.

MitaMkononi (Nakuru)

Basi gari lina magonjwa mawili na moja ndilo lililozaa jingine. Pampu imekuwa nzito, inavuta zaidi ya mara mbili ya kawaida. Fyuzi ya 15 haiwezi kuruka kwa ampea 7.8, kwa hiyo hakuna aliyejua. Mguso mdogo wa kijiti, uliotengenezwa kwa ampea chache, umekuwa ukipiga cheche kila dereva anapoachia. Mota ni koili: ukikata mkondo ghafla volti inaruka juu kwa muda mfupi, na cheche inakula chuma cha mguso. Kadiri mkondo ulivyo mkubwa ndivyo cheche inavyokula zaidi. Ukiweka kijiti kipya na kuacha pampu hiyo, kitaungua vile vile.

Chomoa pampu ulione tatizo. Inatoka kwa kuivuta kutoka kwenye mpira wa tundu. Weka beseni chini, tangi la gari dogo lina lita 2 hadi 5. Angalia kichujio kidogo cha kwenye mpira na ndani ya mdomo wa pampu. Huku Nakuru utakuta matope laini meupe, vumbi la barabara na chumvi za maji ya kisima. Huko kwenu ukungu wa kijani na masalia ya sabuni ya unga. Sabuni ya unga haiyeyuki yote, inaganda chini na kuingia kwenye pampu kama mchanga. Weka maji safi yaliyochujwa kwa kitambaa na matone machache ya sabuni ya maji, basi.

Nyamasaria_Spana (Kisumu)

Ni kweli kichujio kimeziba, kuna tope la kijani. Nimesafisha pampu kwa maji ya uvuguvugu, nimepima tena: 6.9. Bado nzito.

MitaMkononi (Nakuru)

Bushi au kaboni zimeisha. Badilisha.

Omera_Waya (Kisumu)

Na mweleze mwenye gari kilichoimaliza. Msimu wa wadudu wa ziwani, ukipita kati ya Ahero na Kisumu usiku, kioo kinapakwa mafuta ya wadudu na dereva anashikilia kijiti bila kuachia, hata maji yakiwa yameisha. Pampu hupozwa na kulainishwa na maji yenyewe. Ikizunguka kavu, sili inapata moto na bushi zinakwaruzika. Vuta kwa sekunde chache, achia, acha waipa zifanye kazi, vuta tena. Ukisikia sauti imepanda na kuwa nyembamba, tangi ni tupu, acha mara moja.

Unaponunua ile mpya angalia polariti, yaani pini ipi ni chanya na ipi ni hasi, kabla ya kuifunga. Pampu ya aina hii ikizungushwa kinyume bado inatoa sauti na hata maji kidogo yasiyofika katikati ya kioo, na mtu anaanza kulaumu nozeli. Kama pini mpya zimepinduka, geuza nyaya.

Golf_Eldoret

Hiyo ya polariti iwekewe tahadhari kwa wenye Volkswagen na baadhi ya Nissan. Kuna magari yenye pampu moja ya midomo miwili inayohudumia kioo cha mbele na cha nyuma. Kijiti kikivutwa, pini ya kwanza inakuwa chanya na ya pili hasi, kikisukumwa, zinabadilishana. Pampu inazunguka upande huu au ule na valvu ndogo inafungua mdomo unaohusika. Maelezo ya "chanya iko muda wote" hayahusu magari haya. Ukipima utaona 12.4 kwa upande mmoja na kasoro 12.4 kwa upande mwingine, na hiyo ndiyo hali nzuri. Mbele ikifanya kazi na nyuma haifanyi, pampu yenyewe si mshukiwa wa kwanza: pima njia ya upande huo, halafu angalia mrija mrefu unaopita kwenye dari, hasa pale unapopinda kwenye bawaba za mlango wa nyuma.

Kwenye magari mapya zaidi kijiti ni taarifa tu kwa kompyuta ya bodi, na kompyuta ndiyo inayowasha pampu. Hapo usirushe waya ovyo. Pima plagi ya pampu kwa balbu, kisha tumia mashine ya kusoma misimbo uone kama kompyuta inaona kijiti kimevutwa.

Lori_Mumias

Na sisi wa malori ya miwa tusisahauliwe. Gari la volti 24 linataka pampu ya 24 na balbu ya 24. Pampu ya 12 ukiiweka huku inanguruma vizuri sana kwa muda mfupi kisha inaungua. Ile ya 24 kwenye gari la 12 inazunguka kwa uvivu. Soma maandishi ya kwenye pampu kabla ya kulipa.

Nyamasaria_Spana (Kisumu)

Asanteni. Pampu mpya imefika, inasoma 3.3. Kijiti tumepata cha mtumba, mguso unaonekana mzuri lakini si mpya. Nifunge rilei (swichi inayowashwa na mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa) ili nikilinde?

Omera_Waya (Kisumu)

Kwa 3.3 si lazima, lakini kwa kijiti cha mtumba naunga mkono. Usiifanye kwa namna ya kawaida, kumbuka kijiti chako kinakata athi. Nyaya mbili zilizokuwa za pampu sasa zinaendesha rilei: ile ya chanya ya zamani iende 86, WF iende 85 (hizi ni namba za pini za rilei). Pini 30 ipate chanya kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu na betri, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri. Pini 87 iende kwenye chanya ya pampu. Hasi ya pampu iende kwenye bodi, boliti safi, rangi ikwanguliwe, kisha upake grisi juu ili isishike kutu.

Koili ya rilei ya kawaida inavuta kati ya ampea 0.15 na 0.2, kwa hiyo mguso wa kijiti hautahisi kitu. Funga rilei mdomo ukitazama chini, mahali ambapo maji ya kuosha injini hayafiki. Wenye kuosha gari kwa presha hupuliza maji moja kwa moja kwenye visanduku, na rilei iliyolazwa chali hujaa.

Weka na daiodi 1N4007 (inapitisha umeme upande mmoja tu) kati ya 85 na 86, koili nayo inarusha volti ikikatwa.

Nyamasaria_Spana (Kisumu)

Mstari wa daiodi uelekee wapi?

Omera_Waya (Kisumu)

Mstari upande wa 86, kwenye chanya. Ukiigeuza, mara kijiti kinapovutwa ni shoti moja kwa moja kupitia daiodi: itaruka fyuzi ya wosha, au daiodi itapasuka na kuunguza mguso uliotaka kuulinda. Kabla ya kuilehemu ipime kwa mita kwenye alama ya daiodi: ncha nyekundu upande usio na mstari, nyeusi upande wenye mstari, isome 0.5 hadi 0.7. Ikishalehemewa, koili ndiyo itakayosoma hata ukizigeuza ncha, kwa sababu iko sambamba nayo.

Nyamasaria_Spana (Kisumu)

Imefungwa. Kwenye pini za pampu, inazunguka, injini imezimwa: 12.1. Upande wa hasi 0.06, upande wa chanya 0.12. Maji yanafika juu ya kioo pande zote mbili, nozeli ya kulia nimeishusha kidogo kwa sindano kwa sababu ilikuwa inapita juu ya paa.

MitaMkononi (Nakuru)

Vipimo safi hivyo. Viandike kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, pamoja na mahali rilei ilipo. Fundi atakayefungua gari hilo baadaye ataona pini za kijiti haziendi tena kwenye pampu, na asipojua kuna rilei atatafuta siku nzima.